Baka Lisilouma: Tuiteje Hali Inayoweza Kuzaa Saratani ya Kinywa?

Hospitalini Lubumbashi, munganga (daktari) huandika kwa Kifaransa, mgonjwa hueleza taabu yake kwa Kiswahili. Neno *lésion précancéreuse* likitajwa, anayefasiri kwa haraka husema "kidonda cha kabla ya saratani". Tafsiri hiyo ina kasoro mbili, na zote zinaweza kumponza mgonjwa.

Kasoro ya kwanza ni "kidonda". Kidonda tunachokijua huuma, hutoka damu au usaha. Lakini lukoplakia, iliyo maarufu kuliko zote katika kundi la hali zinazoweza kuzaa saratani ya kinywa, kwa kawaida haiumi. Ni baka jeupe kwenye ulimi, ufizi au ndani ya shavu. Utando wa fangasi hufutika kwa kitambaa. Baka hili halifutiki, wala halielezeki kwa ugonjwa mwingine unaojulikana. Daktari Ernst Schwimmer wa Budapest ndiye aliyeliita lukoplakia mwaka 1877, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "nyeupe" na "bamba". Lipo pia baka jekundu, eritroplakia, ambalo ni nadra lakini hatari zaidi. Anayengoja maumivu ndipo atafute tiba huenda akafika saratani imekwisha kukomaa.

Kasoro ya pili ni "kabla ya saratani", maneno yanayotoa hukumu mapema. Mabaka mengi meupe hayageuki saratani kamwe. Wataalamu waliokutana London mwaka 2005 chini ya mwavuli wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza istilahi inayotaja uwezekano tu.

Tofauti hiyo kati ya uwezekano na hukumu inaongoza tiba. Kwanza huondolewa kinachochubua, kama jino lenye ncha kali. Baka lisipotoweka baada ya wiki mbili hivi, hufanyika biopsi: hukatwa kipande kidogo na kupimwa kwa darubini, kuona kama seli zimeanza kuharibika na kwa kiwango gani. Baka la hatari huweza kuondolewa kwa upasuaji au leza, lakini huweza kurudi; kwa hiyo mgonjwa hufuatiliwa kwa miaka.

Chanzo kikubwa cha mabaka haya ni tumbaku. Utafiti wa miaka ya 1990 wilayani Meru, Kenya, uliihusisha lukoplakia na uvutaji wa sigara na wa kiraiku, tumbaku inayosokotwa nyumbani. Pombe kali ikiungana na tumbaku, hatari ya saratani ya kinywa huzidi. Wanywaji wa lutuku, pombe kali ya kienyeji, wanaovuta sigara wanahusika. Kugundua mapema hakudai mitambo mikubwa. Katika jaribio lililoanza Kerala, India, mwaka 1996, wahudumu waliofunzwa walikagua vinywa kwa macho na mwanga. Miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa takriban theluthi moja.

Kwa hiyo napendekeza tuseme "badiliko la kinywa lenye hatari ya saratani", na kwa lukoplakia, "baka jeupe la hatari". Maneno hayo hayaahidi maumivu wala hayatangazi kifo. Wauguzi na walimu wa afya wayatumie, nawe msomaji, baka jeupe au jekundu likipita wiki mbili kinywani, mwonyeshe munganga hata kama haliumi.