Zilizopendwa na Zinazopendwa: Usikilizaji wa Muziki wa Kiklasiki katika Mpaka wa Tunduma

Utangulizi

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyolihusu sikio, navyo havilingani. Kusikia ni jambo linalomfika mtu hata asipotaka. Ngurumo husikika, kelele za lori husikika. Kusikiliza ni tendo la hiari. Mwenye kusikiliza ameamua kulitega sikio lake, na kwa hiyo anaweza kuulizwa sababu ya uamuzi wake. Kutokana na kitenzi hiki cha pili lugha imepata kitenzi cha tatu, kusikilizana, ambacho maana yake ya kila siku ni kuelewana na kupatana. Watu wasiosikilizana hawawezi kuishi pamoja, wala hawawezi kuimba pamoja.

Wapenzi wa muziki wa kiklasiki wa Ulaya wana desturi ya kuulizana: unasikiliza nini siku hizi? Jibu huwa ni jina la mtunzi, jina la kazi, na mara nyingi jina la okestra iliyoipiga. Swali hilo huchukuliwa kuwa la watu wenye santuri nyingi na kumbi za maonyesho. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba swali hilo lina historia ya zaidi ya miaka mia moja katika eneo ambalo tangu mwaka 2016 linaitwa Mkoa wa Songwe, yaani katika nchi ya Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Wamalila na majirani zao. Hata hivyo, huko swali liliulizwa kwa namna nyingine, na jibu lake lilitolewa kwa koo badala ya santuri.

Mpaka mmoja, mikondo miwili

Mwezi Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitiliana saini mkataba uliogawanya nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wanyamwanga walijikuta wako pande zote mbili za mstari huo, kama walivyo hadi leo, Tunduma ikiwa upande mmoja na Nakonde upande wa pili. Mpaka huo huelezwa kwa kawaida katika historia ya siasa na ya biashara. Lakini ulikuwa pia mpaka wa muziki, kwa kuwa kila upande ulipokea namna yake ya kuandika na kufundisha sauti.

Upande wa kusini, Waskoti wa misheni ya Livingstonia walifungua kituo cha Mwenzo katika miaka ya 1890. Shule za Waskoti zilifundisha uimbaji kwa solfa, mfumo uliokamilishwa na John Curwen huko Uingereza katikati ya karne ya 19. Solfa haihitaji mistari mitano wala kinanda. Inahitaji herufi za kawaida, nukta na vistari, vitu ambavyo mwalimu yeyote aliyejua kusoma angeweza kuviandika ubaoni kwa chaki. Kwa njia hiyo kijana aliyejifunza kusoma Injili alijifunza wakati huo huo kusoma sauti nne.

Upande wa kaskazini walikuja Wamoravian, ambao kitovu chao ni mji mdogo wa Herrnhut katika Ujerumani ya mashariki. Walianza kazi Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1899 Traugott Bachmann alianzisha kituo cha Mbozi miongoni mwa Wanyiha. Wamoravian walikuwa watu wa muziki kabla ya kuwa wamisionari. Walikuwa na desturi ya kukutana kwa ajili ya kuimba tu, kiongozi akiunganisha beti za nyimbo mbalimbali kwa kufuata wazo moja, na waliotangulia kuitambua beti wakidakia kwa kichwa bila kitabu. Walikuwa pia na desturi ya kupiga tarumbeta makaburini alfajiri ya Pasaka. Mahadhi waliyoyaleta yalikuwa yale ya tenzi za Kijerumani, ambazo Johann Sebastian Bach, aliyefariki mwaka 1750, alizipangia sauti nne kwa mamia. Mwimbaji wa besi wa Mbozi hakuhitaji kulijua jina la Bach ili awe ndani ya jengo alilolipamba.

Vita Kuu ya Kwanza viliichanganya mikondo hiyo miwili. Mwaka 1916 wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na Waskoti wa Livingstonia wakapewa uangalizi wa makanisa ya Kimoravian hadi wenyewe waliporuhusiwa kurudi katika miaka ya 1920. Mstari uliochorwa mwaka 1890 ukawa umevukwa na nyimbo. Tangu hapo nyimbo za asili ya Kijerumani na mwandiko wa Kiskoti vilikaa katika nyumba moja.

Neno na mahadhi

Hapa ndipo suala linapoingia katika isimu. Bachmann alijifunza Kinyiha kwa bidii, na Agano Jipya katika lugha hiyo lilichapishwa mwaka 1913. Kutafsiri nathari ni kazi ngumu. Kutafsiri wimbo ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu mahadhi yameshafika yakiwa na sheria zake.

Tofauti moja inatosha kulionyesha tatizo. Mistari mingi ya tenzi za Kijerumani huishia kwa silabi yenye mkazo; sauti ya mwisho ni nzito, nayo hubeba silabi nzito. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mstari unaoishia kwa neno Bwana, Mungu au wokovu hauna budi kuishia kwa silabi dhaifu. Mtafsiri asiyekuwa mwangalifu huifanya silabi hiyo dhaifu isimame juu ya sauti iliyo nzito kuliko zote, na mwimbaji hulazimika kutamka jina la Mungu kwa namna ambayo hakuna mtu anayelitamka nyumbani kwake. Katika lugha yenye toni kama Kinyiha tatizo huzidi, kwa kuwa mahadhi yanayopanda mahali ambapo neno linashuka huweza kuificha maana yenyewe.

Wamisionari wachache waliliona jambo hili mapema. Bachmann, ambaye katika miaka yake ya Mbozi aliacha hukumu nyingi alizokuja nazo kuhusu mila za Wanyiha, aliwatia moyo Wakristo waimbe kwa mahadhi yao wenyewe. Mmoravian mwingine, Franz Ferdinand Rietzsch, aliyefanya kazi kusini-magharibi mwa Tanganyika katika miaka ya 1930, alifikia hitimisho jingine. Kwa maoni yake, nyimbo za Ulaya za karne ya 18 na ya 19 hazikulingana na sikio la Mwafrika, ila nyimbo kongwe za Ulaya, zenye ngazi za sauti za kale, zilikuwa karibu nalo. Hoja yake ilikuwa na ufundi na ilikuwa na kasoro. Ufundi wake ni kwamba alisikiliza. Kasoro yake ni kwamba alijichukulia madaraka ya kuwachagulia wengine yale yatakayowafaa, wakati waimbaji walikuwa wameshazipenda zile nyimbo za karne ya 19 na kuzifanya zao.

Mjadala huo haukubaki mikononi mwa wageni. Mwaka 1963 padre Mtanzania, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, akidai nafasi ya muziki wa Kiafrika katika ibada. Kazi yake ilionyesha kwamba swali la nini kiimbwe ni swali la nani ana haki ya kuamua.

Kwa upande wa istilahi, waumini walikuwa wameshaamua. Kitabu cha nyimbo kinachojulikana sana katika makanisa ya Kiprotestanti kinaitwa Tenzi za Rohoni. Neno utenzi ni neno la ushairi wa pwani, lenye karne kadhaa za kazi za kiklasiki nyuma yake. Nyimbo za Kiingereza na za Kijerumani zilizofasiriwa hazina mizani wala vina vya utenzi. Hata hivyo zilivishwa jina hilo, na kwa kuvishwa zikapewa heshima ya fasihi ya kale ya Waswahili. Mwanafunzi wa bara aliyelisikia neno tenzi kwanza kanisani, na baadaye darasani, alikutana na tapo mbili za kiklasiki chini ya jina moja.

Redio, kaseti na neno zilipendwa

Usikilizaji wa vyombo ulikuja baadaye. Kituo cha redio cha Lusaka kilianza kurusha matangazo mwaka 1941, na mwaka 1949 ilitolewa redio ya betri ya bei nafuu, yenye umbo lililofanana na sufuria, ikauzwa kwa pauni 5. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Mwaka 1956 ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam. Tunduma, iliyo mbali na miji mikuu yote miwili, ikawa na bahati ya kuwa na masikio mawili. Ujenzi wa reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975 uliongeza njia nyingine, na baada ya redio zikaja kaseti, ambazo zingeweza kupita mfukoni mwa msafiri.

Redio ilileta aina mpya ya mazungumzo. Msikilizaji aliandika kadi, akataja wimbo aupendao na majina ya watu aliotaka wausikie pamoja naye. Sarufi ya kadi hizo inafaa kuchunguzwa. Neno uupendao halina kiambishi cha wakati. Linatamka pendo ambalo halikuanza jana wala halitakwisha kesho. Wimbo ulitumwa kama salamu, na salamu haitumwi na mtu mmoja kwa nafsi yake. Kutaja unachosikiliza kulikuwa ni kumtaja unayesikiliza naye.

Katika mazingira hayo lilikua neno zilipendwa, ambalo Watanzania wanalitumia kwa muziki wa dansi wa zamani, na ambalo wengi hulitumia pia kwa nyimbo za kwaya zilizovuma kwa kaseti, kama zile za Kwaya ya Ulyankulu Barabara ya 13 au za AIC Makongoro. Lugha za Ulaya huuita muziki wa aina hiyo kwa jina la tabaka au daraja. Kiswahili kimeuita kwa kitendo cha wasikilizaji. Hakuna aliyeulizwa kama nyimbo hizo ni bora. Ilitosha kwamba zilipendwa.

Lakini kiambishi -li- kina hatari yake. Kinasema kwamba pendo limepita. Mtu anayesema zilipendwa huku machozi yakimlengalenga anakanushwa na sarufi yake mwenyewe, kwa maana nyimbo hizo bado zinapendwa. Kwa hiyo neno hili lina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowahusu wanafunzi wa lugha.

Kilicho hatarini

Kwaya za Tanzania huimba hadi leo, kwa Kiswahili, ile Haleluya ya Handel kutoka katika kazi iliyoonyeshwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Anayeiimba Vwawa au Mlowo huulizwa wakati mwingine kwa nini anaimba kitu cha Wazungu. Swali hilo linasahau kwamba wimbo wa taifa la Tanzania wenyewe ulitoka katika chimbuko hilo hilo. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, alitunga wimbo wake kwa sauti za kwaya na kwa mwandiko wa solfa. Mahadhi yake yanabeba wimbo wa taifa la Tanzania na pia wimbo wa taifa la Zambia. Tunduma na Nakonde zinatenganishwa na lango la forodha, lakini watoto wa shule wa pande zote mbili husimama asubuhi wakiwa na mahadhi mamoja kinywani, kila upande kwa maneno yake. Hakuna anayeyaita mahadhi hayo kuwa ya kigeni.

Kwa hiyo linalostahili kuhofiwa si kwamba nyimbo zilitoka mbali. Linalostahili kuhofiwa ni kwamba ushahidi wa namna zilivyofanywa za hapa unapotea. Karatasi za solfa zilizonakiliwa kwa mkono huliwa na mchwa. Kaseti hunyauka. Beti za Kinyiha na Kinyamwanga, zilizoimbwa kabla Kiswahili hakijawa lugha ya ibada kila mahali, zimebaki katika vichwa vya wazee, na mzee akifa hufa na sauti yake ya pili au ya tatu. Aidha, nyimbo za Wanyiha zilizokuwapo kabla ya mwaka 1899 zina haki ileile ya kuitwa za kiklasiki, na zimeandikwa kwa uchache kuliko zote. Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake ya kunasia sauti mwaka 1950, na mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini. Lakini hakuna msafiri awezaye kufanya kazi ya watu wa nyumbani.

Hitimisho

Wanakwaya wa leo hunasa mazoezi kwa simu za mkononi na kurushiana sauti, kila mmoja ajifunze yake kabla ya Jumamosi. Kwa kitendo hicho swali la zamani limerudi: unasikiliza nini? Jibu lao huwa ni wimbo wanaojiandaa kuuimba. Huo ndio mchango wa eneo hili katika historia ya usikilizaji: kwamba msikilizaji na mwimbaji ni mtu mmoja.

Wataalamu wa Kiswahili wana kazi mbili. Ya kwanza ni kukusanya karatasi, kaseti na beti hizo wakati wenyewe wangali hai kuzieleza. Ya pili ni kulitazama upya neno zilipendwa, na kukiri kwamba kando yake linahitajika neno zinazopendwa. Taifa linalozihifadhi nyimbo zake kwa wakati uliopita peke yake limeshaanza kuacha kuzisikiliza, na wasiosikiliza hatimaye hawasikilizani.