Taa Isiyomwangazia Mwenyewe: Tarehe ya Taa ya Nyuma ya Pikipiki hadi Bongwe

Nyani haoni kundule, wala mwendesha pikipiki haioni taa yake ya nyuma. Taa ya mbele humtumikia aliyeiwasha. Ikizimika anajua papo hapo, kwa kuwa njia imempotea. Ya nyuma humtumikia mtu asiyemjua, anayemjia kisogoni kwa gari, kwa lori au kwa pikipiki nyingine. Ikizimika, mwendeshaji huendelea na safari zake kwa amani. Ndiyo sababu katika historia ya pikipiki taa hiyo ilikuwa ya mwisho kufungwa na ya kwanza kusahauliwa, na mara nyingi iliwashwa kwa shuruti ya sheria au ya watu wengine. Tarehe hii inaifuata taa hiyo kutoka viwanda vya Ulaya na Marekani hadi steji za Bongwe, bara kidogo ya ufuo wa Diani, katika wadi ya Gombato Bongwe, eneo bunge la Msambweni.

Pikipiki ya kwanza ya injini ya petroli iliundwa Ujerumani mwaka 1885 na Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach. Fremu yake ilikuwa ya mbao, na taa haikuwa nayo. Mwaka 1894 kampuni ya Hildebrand & Wolfmüller ya mjini Munich ikaanza kuunda pikipiki za kuuzwa kwa wateja. Wanunuzi wale hawakuwa na taa za pikipiki, wakafunga walizozizoea kwenye baiskeli: kwanza za utambi na mafuta, kisha za kabaidi. Mafundi wa jua kali wanaochomelea kwa gesi hawahitaji kufunzwa habari ya kabaidi. Mawe yake ya kijivu yakidondokewa na maji hutoa gesi ya asetilini, nayo ikiwashwa hutoa mwali mweupe mkali.

Kwa taa ya mbele kabaidi ilifaa sana, ila nyuma ilikuwa taabu. Ama mwenye pikipiki alivuta mpira mrefu wa gesi kutoka kwenye tangi la kabaidi hadi kwenye madigadi, ama alifunga kitaa kidogo cha utambi chenye kioo chekundu. Mpira ulipasuka, utambi ulizimwa na upepo na mtikisiko, na mwenyewe hakujua. Kitaa hicho kilikuwa na kazi ya pili pia, ambayo mpaka leo inafanywa na taa za nyuma: upande mmoja kilikuwa na kidirisha cha kioo cheupe cha kumulikia kibao cha namba, ili askari asome ni nani aliyepita.

Umeme ulikuwa umeshawasha nyumba na mitaa ya miji mikubwa, lakini kwenye pikipiki ulichelewa, na si kwa sababu watu hawakuutaka. Uzi wa kaboni uliokuwa ndani ya bulbu za kwanza ulikuwa dhaifu, hauwezi kustahimili mtikisiko wa injini ya silinda moja. Betri za risasi na asidi zilikuwa nzito, zikimwagika na kuisha njiani. Na dainamo ndogo ya kuzijaza tena ilikuwa bado haijapatikana. Mambo yalibadilika mwaka 1910, William Coolidge wa kampuni ya General Electric alipopata njia ya kuyavuta madini ya tangsteni kuwa uzi mwembamba usiokatika upesi. Kuanzia hapo bulbu iliweza kupanda pikipiki.

Mwaka 1914 kiwanda cha Indian huko Springfield, Marekani, kilitoa pikipiki iliyoitwa Hendee Special, yenye taa za umeme na hata kiwashio cha umeme. Ilikuwa mbele ya wakati wake. Betri zake hazikuweza kuubeba mzigo ule, na mwaka uliofuata haikuundwa tena. Mwaka 1915 Harley-Davidson nao wakatoa modeli yenye jenereta na taa za umeme, mbele na nyuma, na hiyo ikadumu. Uingereza ilingoja miaka ya 1920, kampuni ya Joseph Lucas ya Birmingham ilipounganisha magneto na dainamo katika kifaa kimoja, Magdyno. Magneto ilitoa cheche za kuwashia injini, dainamo ikajaza betri ya volti 6. Taa ya nyuma ilipewa fungu dogo kabisa la umeme huo: bulbu ya wati chache tu, wati nyingine zote zikaenda mbele. Waendeshaji wa Uingereza walipochoshwa na taa zilizowazimikia njiani, walimtania Lucas kwa kumwita Mwana wa Mfalme wa Giza.

Huku kwetu pikipiki zilionekana wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mapigano ya mpakani yalifika Gazi mwaka 1914 na Jasin, karibu na Vanga, Januari 1915. Mwaka uliofuata Jenerali Smuts wa upande wa Waingereza alipoingia nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika alikuwa na kikosi kizima cha waendesha pikipiki kutoka Afrika Kusini. Vitani taa ya nyuma ni hatari, kwa kuwa humwonyesha adui mahali pa kulenga. Na hata katika nchi za amani, wakati ule sheria nyingi zilijali zaidi namba isomeke kuliko mtu aonekane.

Mjadala mkali kuhusu nuru nyekundu haukuanzishwa na wenye pikipiki, ulianzishwa na wenye baiskeli. Uingereza ilipotaka kuwalazimisha wafunge taa nyekundu nyuma, chama chao, Cyclists' Touring Club, kilipinga kwa miaka mingi. Hoja yao ilikuwa na uzito: anayekuja nyuma ndiye mwenye wajibu wa kutazama mbele yake, kwa nini mzigo atwikwe anayegongwa? Sheria ya mwaka 1927 iliwaridhia kwa kuwaruhusu kutumia kiakisi mwanga badala ya taa. Kisha ikaja vita ya pili, miji ikazimwa taa usiku kucha kwa hofu ya ndege za mabomu, na barabarani watu wakafa gizani. Taa ya nyuma ya baiskeli ikawa lazima, na mwaka 1945 sheria ikaithibitisha. Hoja ya chama ilikuwa ya haki, lakini giza halikuisikiliza.

Kenya ilipata Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, mwaka 1953. Sheria hiyo ilitaka nuru nyeupe mbele na nyekundu nyuma kwa magari na pikipiki. Miaka hiyo Kwale haikuwa na pikipiki nyingi. Chombo cha mtu wa kawaida kilikuwa baiskeli, na mwenye bahati alikuwa na dainamo ya kusuguana na tairi. Dainamo ile ilitoa volti 6 na wati 3 kwa jumla: wati 2.4 mbele, 0.6 nyuma. Ilikuwa na kasoro moja kubwa: baiskeli ikisimama, taa zote mbili huzimika. Yaani mtu alikuwa hana taa wakati ule ule aliosimama kando ya njia kungoja lori lipite.

Mwaka 1958 Honda walitoa Super Cub, na baada yake pikipiki ndogo za Kijapani zikaenea duniani. Zilikuwa rahisi kuwasha, hazikumwaga mafuta, na umeme wake uliaminika. Polepole viwanda vilihama kutoka volti 6 kwenda 12, na kwa watu wa pwani hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko lilivyoonekana. Bulbu ya wati 5 kwenye volti 6 huvuta karibu ampea 0.83, kwenye volti 12 huvuta nusu yake. Mkondo ukipungua nusu, umeme unaopotea kwenye kiungo chenye kutu hushuka hadi robo. Na kutu ndiyo adui wa taa katika Pwani ya Kusini.

Bodaboda wenyewe walianza mpakani Busia kwa baiskeli, miaka ya 1960. Zama za injini zilifika kwa kishindo baada ya serikali kuondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc, mwaka 2008. Pikipiki mpya zilizosajiliwa Kenya nzima mwaka 2005 hazikufika 4,000. Mwaka 2013 zilipita 120,000. Zilikuja za Kichina, kisha Boxer na TVS za Kihindi zikatawala. Bongwe na jirani zake, ambako matatu ya barabara kuu haigeuzi kichwa kuingia ndani, walipata usafiri wa kufika mlangoni. Mama mjamzito alipelekwa zahanati usiku, mfanyakazi wa hoteli za Diani alirudi nyumbani baada ya zamu, na kijana asiye na ajira alipata steji. Na usiku wa njia za ndani ukajaa vyombo vya mwendo wa kasi, kila kimoja na taa moja ya mbele na nyingine ya nyuma ambayo huenda inawaka, huenda haiwaki.

Fundi wa pikipiki anaijua taa hii kwa siri zake zote. Bulbu ya kawaida ya nyuma ina nyuzi mbili ndani yake: wati 5 ya kuonekana na wati 21 ya breki. Vijiti viwili ubavuni mwake havikukaa sawa, kimoja kiko juu na kingine chini, ili isiingie kichwa chini miguu juu. Mwenye haraka huilazimisha, kazi zikabadilishana, na pikipiki ikawa inaonyesha breki usiku kucha bila breki kukamatwa. Kisa kingine kinachomsumbua mgeni ni taa inayozimika pale breki inapokanyagwa. Hapo bulbu ni nzima. Kilichokatika ni waya wa ardhi. Umeme wa pikipiki hurudi kwenye betri kupitia fremu, na fremu ikiliwa na kutu umeme hutafuta njia ya mzunguko kupitia uzi wa pili. Upepo wa kusi huleta chumvi, masika huleta tope, na skrubu inayoshika waya ule iko chini ya madigadi, panaporuka yote mawili. Dawa yake ni msasa, grisi kidogo, na waya mpya uliolehemiwa hadi kwenye betri bila kuitegemea fremu.

Si kutu peke yake. Keria ya chuma inayochomelewa nyuma ili ibebe magunia ya makaa, mitungi ya maji au kreti za soda mara nyingi huifunika taa. Taa inawaka vizuri, ila inawakia mzigo. Anayechomelea keria bila kuchomoa betri anaweza pia kuunguza regulator, yaani kidhibiti cha volti, nayo ikiharibika huweza kuachilia volti nyingi mno, bulbu zikaungua moja baada ya nyingine. Vijana nao hupenda kutoa kioo chekundu na kuweka vitaa vya buluu au vyeupe vinavyomeremeta. Nuru nyeupe nyuma ni uongo hatari: dereva anayeifuata gizani hudhani chombo kinamjia, kumbe anakifuata.

Uvumbuzi uliokuja kuiokoa taa ya nyuma ulikuwa mwekundu tangu kuzaliwa. Mwaka 1962 Nick Holonyak, akiwa General Electric, aliunda LED ya kwanza ya nuru inayoonekana kwa macho, na rangi yake ilikuwa nyekundu. Nyeupe ilikuja miaka mingi baadaye. LED haina uzi wa kukatika, haijali mtikisiko, na hula umeme mdogo sana. Leo iko kwenye pikipiki mpya nyingi, na fundi anaweza kuifunga hata kwenye Boxer kuukuu. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua Mombasa pikipiki za umeme za kampuni ya Spiro. Chombo hicho hakina tangi la petroli wala magneto, lakini taa nyekundu iko palepale kwenye madigadi. Injini iliyoizaa pikipiki imeondoka, taa iliyochelewa kufika imebaki.

Kwa watu wa Bongwe hesabu ni fupi. Wakitoka kwenye njia za ndani huingia barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga, inayobeba mabasi na malori, na kwa miaka kumi, tangu 2014 hadi 2024, ilibeba pia mchanga wa madini wa Base Titanium kwenda gati la Likoni. Lori la kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akiiona nuru nyekundu iliyosimama mita 100 mbele yake, ana sekunde nne na nusu za kuamua. Bila nuru hiyo huiona pikipiki pale taa zake alizoziinamisha zinapoifikia, na huenda akabakiwa na sekunde mbili tu. Jaketi la kuakisi husaidia, lakini huakisi tu pale linapomulikwa, na abiria na mzigo hulificha.

Sheria ipo tangu 1953, na askari hawezi kusimama kila kona. Anayeweza kuiona taa yako ni mwenzio. Steji iweke desturi: kabla ya safari ya kwanza ya magharibi, mmoja akamate breki ya mkono kisha ya mguu, mwingine asimame nyuma atazame, kisha wabadilishane. Keria inayoifunika taa ikatwe au taa ishushwe chini yake. Na abiria asiyeona nuru nyekundu asipande, aulize kwanza. Bulbu hii ni miongoni mwa spea za bei ya chini kabisa kwenye pikipiki, na kuibadilisha ni kazi isiyofika dakika kumi.