DAKTARI ALIYEMTIBU MTU ALIYECHUKIWA NA MJI



Ndugu yangu, huenda unaye jamaa anayesafishwa damu hospitali kila wiki. Je, wajua mashine ile ilianzaje?

Mwaka 1938, katika mji wa Groningen, Uholanzi, daktari kijana aitwaye Willem Kolff alikuwa na mgonjwa wa miaka 22. Figo zimekufa, sumu imejaa mwilini. Kolff hakuwa na dawa. Kazi iliyombakia ilikuwa kumwambia mama mzazi kwamba mwanawe anakufa. Hata uzeeni alikuwa akilisimulia tukio hilo. Alipiga hesabu: kama angeweza kutoa gramu 20 tu za urea kwa siku, kijana yule huenda angeishi.

Mwaka 1940 Wajerumani wakaivamia nchi. Profesa wake, Myahudi, akafariki siku zile, na nafasi yake akapewa mfuasi wa Wanazi. Kolff akakataa kufanya kazi chini yake, akahamia hospitali ndogo ya mji wa Kampen.

Huko, katikati ya vita na uhaba, akaunda figo ya bandia. Alichukua mrija wa selofani, ile ngozi ya kufungia soseji, akauzungusha kwenye pipa la mbao linalozunguka ndani ya beseni la maji ya chumvi. Damu ikipita mrijani, uchafu hutoka kwenda majini. Mkurugenzi wa kiwanda cha vyombo vya enameli pale mjini alimsaidia.

Alianza kutibu Machi 1943. Wagonjwa wakafa, mmoja baada ya mwingine, zaidi ya miaka miwili. Hakuacha.

Septemba 1945 akaletewa mwanamke wa miaka 67, hana fahamu. Sasa sikiliza vizuri, ndugu yangu. Mwanamke huyu alitolewa gerezani. Alifungwa kwa kushirikiana na Wanazi, walewale waliomfanya Kolff aihame Groningen! Wengi mjini walimchukia. Kolff akamuunganisha na mashine, na baada ya saa kadhaa mama akafumbua macho. Akaishi miaka mingine 7. Huyo ndiye wa kwanza kuokolewa kwa figo ya bandia.

Kisha Kolff akazigawa mashine zake bure kwa hospitali za nchi nyingine, London na New York zikiwemo.

Rejea Surat Al-Maidah. Aya ya 32 inatufundisha uzito wa kuokoa nafsi moja. Aya ya 8 ya sura hiyohiyo inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki. Daktari asiye Muislamu alifanya kazi inayoafiki mafunzo yote mawili. Sisi tunaozisoma aya hizo je? Jirani uliyenuniana naye akiugua, utakwenda kumjulia hali? Ukipitishwa mchango wa matibabu yake, utatoa, au utauliza kwanza yuko upande gani?

Allah awaponye wagonjwa wetu na azisafishe nyoyo zetu. Aamiin.

Mfikishie na mwenzako.