Burke: jina la muuaji lililogeuka kitenzi

Kiingereza kina kitenzi "burke" ambacho hata wenye lugha yao wengi hawakijui. Kukitumia ni kusema jambo limezimwa chinichini: ripoti isitoke, swali lisiulizwe, hoja ife kabla ya kujadiliwa. Funika kombe mwanaharamu apite, basi. Ila kombe hili lilifunika maiti za kweli.

William Burke alikuwa kibarua wa Ireland aliyevuka bahari kwenda Uskoti kufanya kazi kwenye mfereji. Mwaka 1827 aliishi Edinburgh, mtaa wa West Port, katika nyumba ya wapangaji ya Mwairishi mwenzake, William Hare. Novemba mwaka huo mpangaji mmoja, mzee mstaafu wa jeshi, alikufa kwa maradhi huku akidaiwa pauni 4. Hare hakuwa tayari kula hasara. Yeye na Burke wakajaza magome ya miti kwenye jeneza, yakazikwa magome, na mzee wakampeleka kwa Dk. Robert Knox, mwalimu wa anatomia. Walilipwa pauni 7 na shilingi 10.

Soko lilikuwepo. Sheria iliwapa walimu maiti za wauaji walionyongwa, nazo hazikutosha wanafunzi waliojaa Edinburgh. Wezi wakawa wanafukua makaburi usiku, na wafiwa wenye uwezo wakawa wanayawekea vizimba vya chuma. Burke na Hare hawakushika jembe hata siku moja. Katika mwaka 1828 waliua watu 16, wengi wao fukara na wapita njia ambao hakuna ambaye angewaulizia upesi. Mgeni alikaribishwa, akanyweshwa pombe mpaka akalewa, kisha mmoja akamlalia kifuani na mwenzake akamziba pua na mdomo. Hakukuwa na damu wala jeraha, na maiti mbichi ilifika hadi pauni 10.

Waliponzwa na wapangaji mume na mke, waliokuta mwili wa mwanamke umefichwa chini ya majani makavu pembeni mwa kitanda. Waliahidiwa pesa wanyamaze. Maskini wale walikataa, wakaenda polisi.

Lakini mtu aliyezibwa pumzi haachi ushahidi mwingi, na waendesha mashtaka walihofia kushindwa. Wakamwahidi Hare kwamba hatashtakiwa iwapo atamtaja mwenzake. Akamtaja. Burke alinyongwa tarehe 28 Januari 1829 mbele ya umati mkubwa, na gazeti la The Times likaandika kwamba watu walipiga kelele wakimtaka mnyongaji aache kamba, amfanye Burke kama Burke alivyowafanya wenzake. Walichotumia ni jina lake, kama kitenzi. Ndiyo mara ya kwanza inayojulikana neno hilo kuchapishwa kwa namna hiyo. Nasi tunajua maneno yanavyohama: "kuchakachua" ilianza kwenye mafuta ya magari, mara ikawa kwenye kura.

Mwaka 1831 wauaji wengine wa London waliouza maiti wakabandikwa jina hilohilo, ingawa wao waliwalewesha watu kwa dawa na kuwazamisha kisimani. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Anatomia, iliyowapa madaktari maiti zisizo na mwenyewe kutoka nyumba za maskini. Fukara, kwa mara nyingine. Karne haikwisha kabla ya kitenzi chenyewe kuvaa suti: wanasiasa wakalalamika kwamba uchunguzi fulani "umeburkiwa", pasipo mtu kuwaza pua iliyozibwa.

Burke alipasuliwa hadharani kama zile maiti alizouza, na mifupa yake ingali kwenye makumbusho ya anatomia ya Chuo Kikuu cha Edinburgh. Dk. Knox hakufikishwa mahakamani. Hare, ambaye jina lake halikuzaa kitenzi chochote, aliachiwa Februari 1829, akavuka mpaka kuingia Uingereza, na habari zake za uhakika zikakatikia hapo.