Hifadhi ya Taifa ya Katavi

Hifadhi ya Taifa ya Katavi iko katika mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Makao makuu yake yako Sitalike, kilomita 35 hivi kusini mwa Mpanda. Barabara kuu ya kwenda Sumbawanga inapita ndani ya hifadhi, hivyo hata abiria wa basi asiye na habari na utalii anaweza kumwona twiga dirishani.

Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, ikapanuliwa katika miaka ya 1990. Wageni ni wachache mno ukilinganisha na Serengeti, na sababu kubwa ni umbali. Mpanda yenyewe ilifunguliwa na reli ya tawi kutoka Kaliua, iliyojengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi, wala si kwa ajili ya watalii.

Sehemu kubwa ni msitu wa miombo, makao ya korongo na palahala, na pia ya ndorobo, ambao humfuata zaidi aliyevaa nguo za buluu au nyeusi. Katikati ya msitu kuna mbuga za nyasi na maziwa mawili, Katavi na Chada. Tuseme ni maziwa kwa msimu tu: masika hujaa, kiangazi hukauka yakawa malisho ya nyati.

Kwa hiyo msimu wa kuzuru ni Juni hadi Oktoba. Mto Katuma ukibaki vidimbwi, mamia ya viboko hubanana kwenye tope, migongo ikigusana, na madume hupigania nafasi hadi kujeruhiana vibaya. Mamba hujichimbia mashimo kwenye kingo na kulala humo, mmoja juu ya mwenzake. Masika udongo mweusi wa mbugani hunasa magari.

Jina la hifadhi linatokana na Katabi, mzimu ambao kwa imani ya Wabende hukaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Wenyeji wamezoea kuweka sadaka shinani pake.

Tishio linaloonekana wazi zaidi liko nje ya mipaka. Juu ya mto wakulima huyachepusha maji ya Katuma kwenda kwenye mashamba ya mpunga, na kiangazi mto hukatika mapema kabla mvua hazijarudi.