Chema Chajiuza? Wakili na Simu Yake

Kwa miaka mingi mawakili wa Kenya waliishi kwa methali moja: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kwao haikuwa methali tu. Kanuni za kazi ya uwakili za mwaka 1966 zilimkataza wakili kujitangaza au kutafuta wateja, iwe waziwazi au kwa njia za panya. Uliweka kibao mlangoni, ukangoja. Mteja alikuja kwa sababu shangazi yake alishinda kesi ya shamba kupitia kwako.

Mimi si wakili. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliposhindikana, na siku hizi nakula kwa kuandika. Sehemu ya hicho chakula inatoka kwa ofisi ndogo za mawakili hapa Nairobi, zinazotaka mtu wa kuwaandikia machapisho ya LinkedIn, Facebook na X. Ndiyo maana historia hii inanihusu. Zamani, wakili angenilipa kwa kazi hii, angekuwa anajitafutia kesi ya nidhamu.

Katazo lenyewe hatukulibuni sisi. Tulilirithi kwa Waingereza, ambao waliuhesabu uwakili kuwa wito wa waungwana, si biashara ya sokoni. Chama cha mawakili cha Marekani nacho kililiandika katika maadili yake mwaka 1908. Lilianza kubomoka hukohuko Marekani. Mwaka 1976 mawakili wawili wa Phoenix, John Bates na Van O'Steen, walitangaza gazetini bei za huduma za kawaida, kama vile talaka isiyo na mzozo. Wakaadhibiwa. Wakapeleka kesi hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1977 wakashinda kwa kura 5 dhidi ya 4. Swali lilikuwa rahisi: mwananchi atajuaje bei ya wakili kama hakuna anayeruhusiwa kuitaja?

Kwetu tulingoja Katiba ya 2010. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na huduma. Mwaka 2012, katika kesi ya Okenyo Omwansa George, Jaji David Majanja aliamua kwamba kuwafunga mawakili mdomo kabisa kunaenda kinyume na haki hiyo. Kanuni mpya za matangazo zikafuata mwaka 2014. Ilikuwa ruhusa yenye mipaka, si uwanja wazi.

Sasa angalia kilichotokea. Mabishano haya yote yalianzia kwenye gazeti, lakini mlango ulipofunguliwa, aliyeingia ni simu. Gazeti lina mhariri, na tangazo lake hulala usiku mmoja kabla ya kuchapwa. Simu haina subira hiyo. Inakungoja kitandani saa sita usiku, umetoka kushindwa kortini, na una hasira.

Halafu kuna jambo ambalo wengi husahau: kufunguliwa mdomo hakukufuta wajibu wa kunyamaza. Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 134, inamzuia wakili kufichua aliyoambiwa na mteja wake bila idhini, na wajibu huo hauishi hata kazi ikiisha. Kifungu kinachofuata kinawafunga pia makarani na watumishi wake. Mimi mwandishi wa vibarua najihesabu humo humo.

Siri huvujaje? Mara nyingi si kwa ubaya. Mwaka 2013 J.K. Rowling alitoa riwaya ya upelelezi kwa jina la bandia, Robert Galbraith. Wakili mmoja wa kampuni ya Russells ya London alimnong'onezea rafiki wa mkewe. Rafiki akaandika Twitter. Gazeti la Sunday Times likafuatilia, na Julai dunia nzima ikajua. Kampuni iliomba radhi na kutoa pesa kwa shirika la hisani la wanajeshi, naye wakili akapigwa faini ya pauni 1,000. Yeye mwenyewe hakuandika hata neno moja mtandaoni.

Hapa kwetu, Januari 2024, Mahakama ya Juu ilimzuia Ahmednasir Abdullahi, wakili mwandamizi, kufika mbele yake, ikitaja mashambulizi yake dhidi ya mahakama hiyo katika vyombo vya habari na mitandaoni. Mimi sitaamua nani alikuwa na haki. Kukosoa majaji si dhambi, na wapo waliosema adhabu ile ilipita kiasi. Ninachotaka uone ni upana wake: iliwagusa pia mawakili wa ofisi yake na yeyote anayefanya kazi kwa maagizo yake. Akaunti ni ya mtu mmoja, lakini mzigo uliwaangukia hata waliokuwa wakiandaa faili tu.

Mwaka jana ofisi moja ilinitumia maelezo ya kesi ya malezi ya watoto waliyoshinda, wakitaka nitunge hadithi ya ushindi. "Majina tumetoa," wakaniambia. Kweli, majina hayakuwemo. Lakini mji ulikuwemo, kazi ya baba ilikuwemo, na shule ya watoto pia. Katika mji mdogo, hayo yanatosha kabisa. Niliuliza kama mama amekubali. Jibu halikuja. Nikakataa kuandika, na pesa za mwezi huo zikaenda. Kodi ya nyumba nililipa kwa kukopa.

Badala ya ushindi, huwa nawashauri waandike sheria yenyewe. Kwa mfano: ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka ufikishwe kortini kabla ya saa 24 kuisha, au siku ya korti inayofuata kama muda huo umeangukia wikendi. Chapisho kama hilo halimvui mteja yeyote nguo, na msomaji huligawa kwa nduguze. Wakili anayelitoa anajulikana kwa anachokijua.

Bates alishinda ili mtu wa kawaida ajue bei. Majanja aliamua vile ili mtumiaji apate habari. Mdomo wa wakili ulifunguliwa kwa ajili ya huyo mtu aliyeketi kwenye benchi nje ya ofisi, ameshika bahasha, hajui aanzie wapi. Kabla sijabonyeza kitufe cha kutuma, huwa nauliza kama chapisho hili linamsaidia yeye, au linamtumia.