Nani Atapanga Ukurasa?

 

Kwanza tazama karatasi uliyo nayo mkononi. Kichwa cha somo kimewekwa juu, peke yake. Mistari imelingana, na pembeni pameachwa nafasi nyeupe. Mpango huo haukujitokea wenyewe. Yuko mtu aliyeuchagua, naye alitumia chombo fulani. Siku moja chama chako kitataka kutoa kijitabu, nawe utaulizwa kipangwe kwa chombo gani. Basi inafaa ujue vyombo hivyo vilitoka wapi.

Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mikono. Hata katika miaka ya 1970, katika magazeti mengi, maneno yalitoka mashinini katika vipande virefu vya karatasi. Fundi alivikata kwa mkasi au wembe, akavipaka nta kwa nyuma, akavibandika juu ya karatasi ngumu. Kila mstari ulipimwa kwa rula. Likionekana kosa, alikata neno dogo akalibandika juu ya lile bovu. Kisha ukurasa mzima ulipigwa picha, na kwa picha hiyo kikatengenezwa kibati cha kuchapia. Kazi hii ilitaka jicho na mkono uliozoea. Mwalimu au katibu wa chama hakuiweza. Alipeleka maandishi yake kwa mpiga chapa, akalipa, akangoja.

Huko Marekani palikuwa na mtu jina lake Paul Brainerd. Alikuwa amefanya kazi ya gazeti, kisha akaajiriwa na Atex, kampuni iliyotengeneza mitambo ya kompyuta ya kuandalia magazeti. Mitambo ile ilikuwa ghali mno. Gazeti dogo halikuweza kuinunua. Mwaka 1984 ofisi aliyokuwa akifanyia kazi ilifungwa. Brainerd hakutafuta mwajiri mwingine. Yeye na wahandisi wachache wakaanzisha kampuni yao mjini Seattle, wakaiita Aldus. Jina hilo ni la Aldus Manutius, mpiga chapa wa Venice ambaye kuanzia mwaka 1501 alitoa vitabu vidogo vya kuchukuliwa mkononi, watu wasome popote walipo.

Mwezi wa Julai 1985 kampuni ya Aldus ikaanza kuuza programu yake, PageMaker. Programu ni maagizo yanayowekwa ndani ya kompyuta ili ijue kufanya kazi fulani. Mwenye kuitumia hii aliuona ukurasa kiooni karibu sawa na utakavyokuwa karatasini. Alisogeza maneno na picha, akapanua, akapunguza, pasipo mkasi wala nta. Bei yake ilikuwa dola 495.

Lakini PageMaker peke yake isingefika mbali. Kompyuta ya Macintosh ilikuwa imetoka mwaka 1984, na mwaka 1985 ikaja printa ya LaserWriter iliyopiga nukta 300 katika kila inchi. Ndani ya printa hiyo mlikuwa na PostScript, lugha ya kampuni ya Adobe ya kuieleza mashine jinsi ukurasa unavyotakiwa kuwa. Usidhani vyote vilikuwa rahisi kununua: printa hiyo ilianza kuuzwa dola 6,995. Hata hivyo, kompyuta kadhaa ziliweza kuitumia printa moja.

Basi asiye fundi akapata chombo cha fundi. Jicho la fundi hakulipata. Kurasa zikatoka zenye aina nyingi za herufi, nyingine nene, nyingine zimelala, zote katika tangazo moja. Mafundi wakacheka, wakasema zinafanana na barua za wateka watu, wale wanaokata herufi magazetini ili mwandiko wao usijulikane. Mimi sioni kicheko hicho kuwa cha haki. Tangazo baya lililotoka kabla ya mkutano lina faida kuliko zuri lililotoka baada yake.

Tangu hapo njia zikawa mbili. Mafundi walitaka kupima kila nukta, nao wakavutwa na QuarkXPress iliyotoka mwaka 1987. Kwa wasio mafundi, mwaka 1991 Microsoft ilitoa Publisher, yenye mifano tayari ya kujazwa maneno. Mwaka 1994 Adobe iliinunua Aldus, na mwaka 1999 ikatoa InDesign, ambayo baadaye iliwavuta wengi waliokuwa wakitumia Quark. Mwaka 2003 lilitoka toleo la 1.0 la Scribus, programu isiyolipiwa. Na mwaka 2013 ikaja Canva kutoka Australia, inayotumika kwa intaneti.

Sasa sikiliza jambo ambalo muuzaji hakuambii. PageMaker imekwisha kuachwa. InDesign mpaka toleo la CS6 la mwaka 2012 iliweza kufungua kazi za PageMaker za toleo la 6 na kuendelea. Matoleo yaliyofuata hayawezi. Nayo Microsoft ilitangaza kwamba msaada wa Publisher utakoma Oktoba 2026. Kwa hiyo kijitabu cha mwaka 1995 chaweza kuwamo kizima katika diski, wala asipatikane mtu wa kukifungua.

Nakijua kikundi kimoja kilichompa kijana hodari kazi ya kupanga kitabu cha kanuni zao. Kitabu kikapendeza. Baada ya miaka miwili kijana akahama, ada ya uanachama ikabadilika, na hakuna aliyeweza kuirekebisha namba moja. Wakaandika kitabu chote upya.

Ndiyo sababu nakuomba uulize kwanza: mwakani nani atakisahihisha? Ikiwa ni katibu anayejua kuandika barua tu, chagua programu ile ile anayoandikia barua, ingawa fundi atakunja uso. Ikiwa ni kitabu kikubwa chenye picha nyingi, mpe fundi, naye atumie InDesign au Scribus apendavyo. Lakini kabla hujamlipa, dai akupe faili aliyoifanyia kazi, na maneno matupu yasiyopangwa, na nakala ya PDF. Hiyo PDF, iliyotolewa na Adobe mwaka 1993, huuhifadhi ukurasa kama ulivyo, lakini kuusahihisha humo ni taabu.

Juma hili tafuta karatasi moja ya chama chako iliyopigwa chapa. Uliza ilipangwa kwa programu gani, na faili yake anayo nani. Andika majibu katika daftari lako, uje nalo darasani.